Kilo ya pamba, kilo ya chuma na mizigo ya neno "zito"

Kati ya kilo moja ya pamba na kilo moja ya chuma, ipi nzito? Mtoto anayeulizwa kwa mara ya kwanza hujibu chuma, na wenzake wanaolijua swali huangua kicheko. Akili yake imekimbilia majina ya vitu viwili, ikayapita maneno "kilo moja" kana kwamba hayakutamkwa. Wapo wanaotaja mawe badala ya chuma. Waingereza hupenda manyoya ya ndege na risasi. Jibu la vitabuni ni kwamba uzito ni sawa, na mtegaji akishalitoa huona kazi yake imekwisha.

Mtego una ndugu yake, mwenye ukatili kidogo, anayewawinda waliokwisha kulijua jibu. Huulizwa hivi: kilo mbili za pamba na kilo moja ya chuma, ipi nzito? Mjuzi hujibu upesi "sawa", kwa kuwa naye safari hii hakusikia tarakimu. Baadhi ya programu za akili bandia zimenaswa papo hapo, tena kwa sababu hiyohiyo: zilikuwa zimelisoma swali la kwanza mara nyingi mno.

Kwa Kiswahili mambo yamesukwa zaidi, maana neno "zito" hubeba mizigo kadhaa kwa wakati mmoja. Gunia ni zito kwa sababu linalemea mgongo. Uji ni mzito kwa sababu haumiminiki upesi. Chuma huitwa kizito hata kikiwa sindano ambayo mtoto mchanga angeweza kuipeperusha. Hewa ya Tanga au Mombasa saa chache kabla ya mvua husemwa kuwa nzito kwa kuwa inachosha. Hizo ni sifa nne tofauti. Ya kwanza ndiyo inayoonekana kwenye mizani. Ya pili ni mnato. Ya tatu ni msongamano, yaani kiasi cha maada kilichoshindiliwa katika nafasi fulani. Ya nne ni hisia tu, na itaonekana hapa chini kwamba mizani huikana kabisa.

Kwa hiyo mtoto aliyejibu "chuma" hakubuni jibu. Amejibu swali la msongamano ambalo hakuulizwa. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina karibu gramu 7.9. Kilo nzima ni kipande chenye sentimita 5 kwa kila upande, kinachofumbatika kiganjani. Kilo ya pamba iliyochambuliwa hujaza mto wa kulalia.

Jikoni ndiko maana hizi zinakogombana waziwazi. Malai ni mazito kuliko maziwa yaliyoyazaa, lakini hukaa juu, kwa sababu kwa ujazo uleule yana uzani mdogo. Mafuta ya kupikia nayo ni mazito kuliko maji kwa jinsi yanavyomiminika, na bado huelea: lita moja ina takriban gramu 920. Asali ni nzito kwa maana zote mbili. Ndoo ya lita 20 ikijazwa mafuta huwa na kilo 18 na kitu. Ikijazwa asali hufika kilo 28 hivi, tofauti inayomkumba mnunuzi aliyezoea kudhani kwamba lita na kilo ni ndugu. Ni ndugu kwa maji tu. Seremala naye ana kisa chake. Ukiuliza kama mti huelea majini, wengi watasema ndiyo bila kufikiri, lakini gogo la mpingo huzama, kwa kuwa msongamano wake unazidi wa maji. Chuma, kwa upande wake, huelea vizuri kabisa juu ya zebaki.

Pwani ya Afrika Mashariki ilifanya biashara ya nafaka kwa karne nyingi bila kulihitaji swali la pamba na chuma, kwa sababu nafaka haikupimwa kwa uzito. Ilipimwa kwa chombo: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Methali ya haba na haba husema kwamba kibaba hujaa. Haisemi kwamba hulemea. Mizani ilitumika kwa vitu vya thamani au vya kusafirishwa mbali, kama karafuu na pembe za ndovu, vilivyohesabiwa kwa frasila, ambayo ni karibu ratili 35 au kilo 16. Mtu wa zama hizo angeulizwa "kibaba cha mtama na kibaba cha unga, kipi kizito?" angekuwa na swali la haki mbele yake, lenye jibu la kweli na lisilo na mtego wowote.

Tukitoka kwenye lugha, mkono nao hudanganya. Mwaka 1891 daktari Mfaransa Augustin Charpentier alieleza jaribio ambalo kila mtu anaweza kulirudia nyumbani: vitu viwili vyenye uzito sawa kabisa, kimoja kidogo na kingine kikubwa, vikiinuliwa, kidogo huhisiwa kuwa kizito zaidi. Ajabu ni kwamba hisia hiyo haifutiki hata baada ya mtu kuviweka mwenyewe kwenye mizani na kuona mshale ukisimama mahali pamoja. Mwaka 2000 watafiti J. Randall Flanagan na Michael Beltzner waliwapa watu vitu vya namna hiyo wavinyanyue mara nyingi mfululizo huku nguvu ya vidole ikipimwa. Baada ya kunyanyua mara chache, vidole vilikwisha kujifunza na vikatumia nguvu sawasawa kwa vyote viwili. Hisia haikujifunza lolote. Kile kidogo kiliendelea kusemwa kuwa kizito. Kwa hiyo hata mtu anayelijua jibu akishika kilo ya chuma mkono mmoja na mto wa pamba wa kilo moja mkono mwingine, mikono itamwambia chuma ndicho kizito.

Je, tofauti ya ukubwa ikiondolewa? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Jeffrey Wagman na wenzake, walichapisha jaribio la watu waliofungwa macho na kupewa maboksi mawili yenye umbo, ukubwa na uzito uleule, moja likiwa na risasi na jingine manyoya. Waliolitaja la risasi kuwa zito walikuwa wengi kuliko ambavyo kubahatisha kungeruhusu. Watafiti walielekeza kidole kwenye jinsi mzigo ulivyokaa ndani ya boksi: risasi hukusanyika mahali pamoja, manyoya huenea, na mkono unaogeuzageuza boksi huitambua tofauti hiyo na kuitafsiri kuwa uzito. Macho yakifunguliwa mambo hugeuka tena. Vipande viwili vyenye ukubwa na uzito sawa, kimoja kikiwa na sura ya chuma na kingine sura ya kitu chepesi kama povu gumu, humfanya mnyanyuaji aone cha "chuma" ndicho chepesi. Mkono ulikuwa umejiandaa kwa mzigo mkubwa, ukakuta mdogo.

Baada ya lugha na mkono kuna hewa, na hapa ndipo swali la watoto linapokuwa swali la maabara. Kila kitu kilichozungukwa na hewa husukumwa juu kidogo na hewa hiyo, kama mtu aliye majini anavyosukumwa juu na maji. Nguvu hiyo hulingana na uzito wa hewa iliyosukumwa kando. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban kilo 1.2. Kilo ya chuma huchukua nafasi ya sentimita za ujazo 127, kwa hiyo hupoteza kiasi cha gramu 0.15 kwenye mizani. Nyuzi za pamba, zenye msongamano wa gramu 1.5 hivi kwa sentimita ya ujazo, huchukua nafasi ya sentimita za ujazo zipatazo 670, na hupoteza karibu gramu 0.8. Kama vyote viwili vina kilo moja kamili ya maada, basi katika mizani nyeti chuma kitazidi kwa zaidi kidogo ya nusu gramu. Mtoto alisema kweli, ingawa kwa sababu ambayo hakuijua.

Wengi wanaofika hatua hii huteleza kwenye hesabu. Huchukua ujazo wa furushi zima la pamba, tuseme lita 40, wakapata hewa ya gramu 48, na kutangaza tofauti kubwa ajabu. Lakini sehemu kubwa ya furushi hilo ni hewa iliyojibanza katikati ya nyuzi, na hewa hiyo ina uzito wake, uleule wa hewa iliyosukumwa nje. Moja hufuta nyingine. Kinachobaki kwenye hesabu ni ujazo wa nyuzi peke yake, pamba iwe imefumuliwa au imeshindiliwa kuwa robota.

Sasa ligeuzwe swali. Muuzaji dukani hapimi maada katika ombwe; hupima hewani, akiongeza pamba hadi mizani isome kilo moja. Aliyepata "kilo" hiyo ya pamba amepewa maada zaidi kidogo ya yule wa chuma, kufidia ile iliyobebwa na hewa. Mizani yenye sahani mbili zilizolingana ikifunikwa kwa kengele ya kioo na hewa ikanyonywa, sahani ya pamba itashuka. Kifaa cha kuonyesha jambo hilo, baroskopu, kina asili yake katika karne ya 17 na bado kipo katika maabara za shule, ingawa humo huwa ni tufe tupu la shaba na kipande kidogo cha madini. Wenye kazi ya kuhakiki mizani hawalipuuzi suala hili hata kidogo. Kanuni za OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, huchukulia kwamba jiwe la mizani lina msongamano wa kilo 8,000 kwa mita ya ujazo na hewa ina kilo 1.2, ili nchi zote zikosee kwa kiasi kimoja.

Anayetaka kulifikisha jambo hili mwisho kabisa aulize kuhusu kilo moja ya heliamu. Gesi hiyo, kwa mgandamizo wa kawaida, huchukua mita za ujazo 6 na kusukuma kando zaidi ya kilo 7 za hewa. Ikiwa ndani ya puto itainua karibu kilo 6. Kilo hiyohiyo ikishindiliwa ndani ya mtungi wa chuma, huongeza uzito wa mtungi kwa karibu kilo nzima.

Mkanganyiko huu wote hutokana na kuita vitu viwili jina moja. Kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada, na tungamo halibadiliki kwa kuhamishwa. Kuanzia mwaka 1889 kipimo chake kilikuwa silinda ya platini na iridiamu iliyohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo imefungwa kwenye namba isiyobadilika ya Planck, na silinda ile imebaki kuwa kumbukumbu. Uzito ni nguvu ambayo kwayo dunia hulivuta tungamo hilo, nayo hutofautiana mahali na mahali. Kwenye ikweta mvutano ni dhaifu kuliko nchani kwa karibu nusu ya asilimia moja. Kilo ya chuma iliyoning'inizwa kwenye mizani ya springi pale Nanyuki na kilo ya pamba iliyoning'inizwa kwenye mizani ya aina hiyo karibu na ncha ya kaskazini hazitalingana. Pamba itazidi kwa zaidi ya gramu 5, mara nyingi kuliko ile nusu gramu ya hewa. Mizani ya sahani mbili na mawe yake haitaona tofauti hiyo, kwa kuwa mawe nayo huvutwa kwa nguvu ileile.

Dhahabu ina mtego wake, na huu haukutokana na maumbile bali na wafanyabiashara. Ratili ya manyoya na ratili ya dhahabu, ipi nzito? Jibu la "sawa" hapa ni kosa. Vitu vya kawaida kwa Waingereza vilipimwa kwa ratili yenye wakia 16, sawa na gramu 453.6. Madini ya thamani yalipimwa kwa ratili ya troy, yenye wakia 12 na gramu 373.2. Ratili ya manyoya ni nzito kwa gramu 80. Lakini ikiulizwa wakia badala ya ratili, jibu hupinduka: wakia ya dhahabu ina gramu 31.1, ya manyoya ina 28.35. Uingereza iliifuta ratili ya troy kwa sheria ya mwaka 1878, ila wakia yake ikabaki, na hadi leo bei ya dhahabu ya dunia hutangazwa kwa wakia hiyo, huku mchimbaji mdogo wa Geita akiuza kwa gramu. Mwambao wa Waswahili nao ulikuwa na wakia yake, iliyokuwa uzito wa riale ya Maria Theresa, karibu gramu 28. Mtu aliyesoma kumbukumbu za kale na kukuta "wakia" bila maelezo zaidi ana haki ya kusita.

Kwa fundi ujenzi, swali lenye hasara halihusu pamba. Linahusu mchanga. Ndoo ya mchanga mkavu na ndoo ya mchanga wenye unyevu, ipi nzito? Karibu kila mtu husema wa unyevu, kwa kuwa maji yameongezwa. Hata hivyo mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 hivi huvimba kwa asilimia 20 hadi 30, kwa sababu utando mwembamba wa maji huzishika chembe na kuzizuia zisikae karibu karibu. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu inaweza kuwa na kilo 31 au zaidi kidogo. Ikijazwa mchanga wenye unyevu bila kushindiliwa, hushuka hadi kilo 26 hivi, maji yakiwemo. Maji yakizidi na mchanga ukaloa kabisa, chembe huteleza na kukaa, mapengo hujaa maji, na ndoo hukaribia kilo 40. Fundi anayepima zege kwa ndoo au karai bila kuangalia hali ya mchanga hubadilisha uwiano wa saruji na mchanga bila kujua, na anayenunua mchanga kwa lori hulipia mapengo.

Kulipia mapengo, au kutolipiwa, ndiyo kiini cha ugomvi wa lumbesa, magunia yanayoongezewa kichwa hadi yapite kimo chake. Mkulima huuza "gunia" na mnunuzi husafirisha kilo nyingi kuliko zilizokusudiwa, ndiyo maana Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umeipiga vita desturi hiyo kwa muda mrefu. Kwenye usafiri upande wa pili wa sarafu huonekana. Anayeagiza mizigo kwa ndege hujua kwamba kilo ya pamba hailipiwi sawa na kilo ya chuma. Boksi lenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40 lina sentimita za ujazo 120,000. Wasafirishaji wa anga hugawa kwa 6,000 na kupata kilo 20. Likiwa na mito yenye kilo 6, mteja hulipa za kilo 20. Likiwa na vyuma vya kilo 60, hulipa 60. Barabarani, lori la saruji linalofika mizani ya Vigwaza au Mariakani huonekana kama halijajaa ilhali limefikia kikomo, wakati lori la magodoro limefungwa kamba hadi juu na mizani hailijali.

Imebaki ile hewa "nzito" ya kabla ya mvua. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa kavu ya joto na mgandamizo uleule. Mvuke wa maji hauongezwi juu ya hewa; huchukua nafasi yake. Molekuli ya maji ina uzito wa 18 katika kipimo ambacho naitrojeni ina 28 na oksijeni 32, kwa hiyo kila molekuli ya mvuke inayoingia hufukuza iliyo nzito kuliko yenyewe. Kinachochosha ni jasho kukataa kukauka.

Mtoto mbishi aliyekwisha kushindwa na swali la kwanza huwa na jibu la mwisho: basi niangushie moja moja mguuni. Hoja yake ni ya haki, ila haihusu uzito. Chuma hutua mahali padogo na kusimama ghafla, pamba hutua mahali papana na kunywea polepole, na njiani hewa huishika pamba zaidi. Hewa ikiondolewa, tofauti ya kasi hutoweka. Tarehe 2 Agosti 1971, akiwa mwezini katika safari ya Apollo 15, David Scott aliachia kwa pamoja nyundo ya kilo 1.32 na unyoya wa kozi wa gramu 30 mbele ya kamera, na vyote vikagusa ardhi kwa wakati mmoja.

Hata sharti la "kilo moja" halidumu muda mrefu. Pamba hunywa unyevu wa hewa: katika biashara huhesabiwa kwamba pamba ghafi ina maji ya asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu, na wakati wa mvua huzidi. Misumari nayo hushika kutu, na kutu ni chuma kilichojiongezea oksijeni. Gramu 112 za chuma zikigeuka zote kuwa oksidi huwa gramu 160, bila kuhesabu maji yaliyojificha humo. Vikiachwa kwenye sahani mbili za mizani barazani tangu mwanzo wa masika, pamba itazidi ndani ya saa chache, nayo misumari itaifuata polepole kwa wiki na miezi. Jua likirudi, pamba hukauka na kurudi karibu na kilo yake. Misumari hairudi.